Mpira na Tufe katika Kamusi za Kale

Wanafunzi wengi wa sarufi hujiuliza: iwapo mpira ni kitu cha mviringo, mbona umo katika ngeli ya U-I pamoja na miti? Kamusi za kale zinatufumbulia fumbo hilo. Ile ya A.C. Madan (1903) na ile ya Frederick Johnson (1939) zinalifasiri neno hili kwa mmea utoao utomvu, kwa utomvu wenyewe uliogandishwa, na kwa kitu cha kuchezea kilichoundwa kutokana nao. Maana ilihama kutoka msituni hadi uwanjani. Leo hata mchezo wenyewe huitwa mpira. Neno lililotaja umbo ni tufe, ambalo sasa husikika zaidi katika riadha, ilhali kitufe, mwanawe, hubonyezwa kwenye simu.

Je, maarifa haya yana faida gani? Katika Kongo ya Leopold II (1885–1908), watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Msomaji asiyejua ila kandanda ataielewaje historia hiyo? Kwa hivyo, watunga kamusi wasiifute maana kongwe. Waitangulize, kwani ndiyo shina la nyingine zote.