Usiiguse Python ya mfumo! Weka yako pembeni kwa pyenv



Juzi kijana mmoja wa hapa Kengeja kaniletea kompyuta yake ya Ubuntu, kanyong'onyea kweli kweli. Somo lake lilitaka Python mpya, basi akaivuta na kuielekeza /usr/bin/python3, pahala pa ile ya zamani. Kuiwasha tena, kile kidirisha cha kuandikia amri hakifunguki. Na programu yake ya kupiga hesabu za kilo za karafuu imo humo humo, nakala hana.

Tuliingia kwa Ctrl+Alt+F3 tukairudisha ya zamani, alhamdulillahi. Lakini kwa kuwa hapa kwetu pana skuli ya ufundi na vijana wengi wanajifunza haya mambo, nimeona bora nieleze.

Kwanza, kwa nini iliharibika? Ubuntu yenyewe inaitumia Python kwa kazi zake za ndani. Ile iliyokuja na mashine si yako, ni ya mfumo. Kuibadilisha ni kung'oa nguzo ya nyumba upate mti wa kuchongea mwiko.

Pili, matoleo hayasikilizani. Python 3 ilitoka mwaka 2008, na Python 2 ikaachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, lakini masomo ya zamani bado yanazunguka kwenye flashi. Andika print "habari" ya Python 2 ndani ya Python 3, utaambiwa umekosea, inataka mabano.

Dawa ni pyenv. Hii inakuwekea kila toleo ndani ya folda lako mwenyewe, ya mfumo haiguswi.

1. Weka vifaa vya kujengea, maana pyenv huvuta msimbo wa Python na kuujenga hapo hapo kwenye mashine yako:

sudo apt install git curl build-essential libssl-dev zlib1g-dev libbz2-dev libreadline-dev libsqlite3-dev libffi-dev liblzma-dev

2. Vuta pyenv:

git clone https://github.com/pyenv/pyenv.git ~/.pyenv

3. Ongeza mistari hii miwili mwisho wa faili ~/.bashrc, kisha funga kidirisha na ukifungue upya:

export PATH="$HOME/.pyenv/bin:$PATH"
eval "$(pyenv init -)"

4. Weka toleo unalolitaka, mfano:

mkdir -p ~/.pyenv/cache
pyenv install 3.12.10

Hapa subira. Mashine kongwe inachukua muda, kwa hiyo chomeka chaja kabisa. Umeme ukikatika katikati usiogope, anza tena hatua hii, mfumo wako uko salama.

5. Ingia kwenye folda la kazi yako uandike:

pyenv local 3.12.10

Kuanzia hapo folda hilo linatumia toleo hilo tu. Hakikisha kwa python --version.

Sasa utamu wenyewe, kwa sisi wa bando la kupima. Lile folda la cache tulilolitengeneza hatua ya 4 linahifadhi faili la Python, kama MB 20 hivi. Mmoja akishavuta, wengine hawana haja. Afunge mzigo hivi:

tar czf pyenv.tgz -C ~ --exclude=.pyenv/versions .pyenv

Autie kwenye flashi. Mwenzake ataufungua kwa tar xzf pyenv.tgz -C ~ badala ya hatua ya 2, kisha aendelee na toleo lile lile. pyenv italikagua faili kwanza. Likiwa limeharibika njiani, haitalitumia, italivuta jipya. Bando litakalohitajika ni la hatua ya 1 tu. Msilikopi folda lenyewe bila kulifunga, flashi nyingi hupoteza ruhusa za mafaili.

Na jamani, wekeni nakala za kazi zenu! Yule kijana kapona kwa bahati tu.

Aliyekwama aseme hapo chini amekwama hatua ya ngapi, na aandike kosa kama lilivyotokea.