Mtoto Akiogopa Mbwa

Wapo watoto wanaochelewa shule si kwa uvivu bali kwa ajili ya mbwa. Hapa Ikuti njia zetu ni nyembamba. Zinapanda na kushuka katikati ya migomba, na nyumba ziko karibu na njia. Mbwa akibweka tu, mtoto mwoga anarudi nyumbani mbio. Mzazi anasema, "Mvivu huyu!" Anamchapa. Kesho mtoto anamwogopa mbwa vile vile, na sasa anamwogopa na baba pia.

Hofu hii inatoka wapi? Watoto wengine wamewahi kuumwa. Lakini wengi hawajaguswa na mbwa hata siku moja. Sisi wazazi ndio tumewafundisha. Mtoto akilia usiku tunamwambia, "Nyamaza, mbwa atakuja akule!" Mbwa akipita, mama anamnyakua mtoto na kupiga kelele. Mtoto haelewi maneno mengi, lakini anaona uso wa mama yake. Anajua kuna hatari.

Tena hofu hiyo haimlindi. Mwenye hofu hukimbia, na mbwa hupenda kufukuza kitu kinachokimbia. Basi anayeogopa sana ndiye anayeweza kuumwa upesi.

Je, hofu inaweza kutoka? Inatoka. Mwaka 1924 mama mmoja mtaalamu wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto aliyeitwa Peter. Mtoto huyo hakuwa ametimiza miaka 3, na alimwogopa sana sungura. Walimpa chakula anachokipenda, na wakati anakula walimleta sungura ndani ya kizimba, mbali kidogo. Siku nyingine wakamsogeza karibu zaidi. Mwisho Peter alimwacha sungura amtafune tafune vidole, naye hana habari!

Mwaka 1967 wataalamu wengine, Albert Bandura na wenzake, waliwajaribu watoto 48 wa miaka 3 hadi 5 walioogopa mbwa. Baadhi yao walimtazama mtoto mwenzao wa miaka 4 akicheza na mbwa bila woga, kidogo kidogo kila siku kwa siku 4. Hakuna aliyewalazimisha. Hao waliomtazama mwenzao wakapata ujasiri wa kumkaribia mbwa kuliko wale ambao hawakuona mtoto akicheza naye.

Kwa hiyo dawa ni kwenda polepole, kitu kizuri kiwepo, na mtoto amwone mwenzake. Hapo ndipo mtoto wa mbwa anapofaa. Mbwa mkubwa anaweza kumwangusha mtoto wa miaka 5. Lakini mtoto wa mbwa ni mdogo, anajikwaa, analala hovyo. Mara hii mtoto wako ndiye mkubwa. Na kadiri mbwa anavyokua, mtoto anamzoea kila siku, hata hatambui kwamba sasa anaishi na mbwa mkubwa.

Tuseme umempata kwa jirani. Usimchukue kabla hajafikisha wiki 8, maana bado anamhitaji mama yake. Ukifika naye nyumbani usimtupie mtoto mapajani ukacheka. Wengine hufanya hivyo, eti azoee! Huko ni kuongeza hofu. Mshike wewe. Mtoto akae mbali apendavyo, hata kama ni mlangoni. Kaka au dada yake asiyeogopa amchezee. Mwambie mtoto achague jina, Simba au Popi au lolote, kwa sababu kitu ulichokipa jina si kigeni tena.

Siku nyingine mpe mtoto ugali kidogo wenye maziwa auweke kwenye chombo cha mbwa, kisha arudi nyuma atazame. Baadaye amguse mgongoni wewe ukiwa umemshika mbwa kichwa. Akikataa, basi, mwache mpaka kesho. Mtoto mmoja atachukua siku 3, mwingine mwezi mzima. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa akiwa mpole namna gani.

Huyo mbwa naye anajifunza. Kati ya wiki 3 na 12 za umri wake ndipo anapozoea watu upesi sana. Mbwa aliyefungwa nyuma ya nyumba tangu mdogo, akitupiwa mawe na watoto, hukua mkali kwa watoto. Wengine watasema, "Mbwa ni mlinzi, akicheza na watoto atalinda nini?" Sisi tunaona hilo si kweli. Mbwa anawajua watu wa nyumbani kwake. Mgeni akiingia usiku atabweka tu.

Lakini mtoto aelewe kwamba Popi si mbwa wote. Mbwa wa njiani asiguswe. Mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha aachwe. Mbwa wa watu akimjia, mtoto asimame wima kama mti, mikono chini, asimtazame machoni. Asikimbie.

Kuna jambo moja ambalo hatutaki lichezewe, nalo ni kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Hata mbwa wa nyumbani anaweza kukipata akiumwa na mwenzake. Mtoto wa mbwa akifikisha miezi 3, mwone bwana mifugo achomwe sindano ya chanjo, na irudiwe kila mwaka. Hapo hapo uliza na dawa ya minyoo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni wakishamaliza kucheza.

Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, hata jeraha likiwa dogo, lioshe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Usipake majani wala mafuta ya taa. Kisha mpeleke kituo cha afya au hospitali siku ile ile akapate chanjo, hata kama ni jioni na mvua inanyesha. Mwambie pia mtoto, mapema kabla hajaumwa, kwamba akiumwa aseme na hatapigwa. Watoto wengi huficha jeraha wakiogopa fimbo.