Yago Kaburini, Jina Ukutani Nairobi

Kwa Wajaluo, mtu aliyefia mbali na mwili wake ukakosekana huzikwa hata hivyo. Wazee hutafuta yago, lile tunda refu na zito la mvungunya, likalazwa kaburini mahali pa marehemu, na watu wakalia matanga. Mila hii hunijia kila ninapowafikiria vijana wa Migori na Homa Bay waliokwenda na Keya, kama wazee walivyoiita King's African Rifles, na vikosi vingine vya Mwingereza, wasirudi.

Chukua meli ya Khedive Ismail. Iling'oa nanga Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo, na ndani yake walikuwamo askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, wakipelekwa kupigana na Wajapani. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi I-27 ya Kijapani iliipiga kwa topido. Meli ilizama kwa dakika mbili hivi. Kisha manowari za Uingereza zikaiandama nyambizi hiyo kwa mabomu ya majini, ilhali walionusurika walikuwa bado wanaogelea juu yake. Watu karibu 1,300 walikufa. Mama aliyekuwa na mwana kikosini humo angezika nini, kama si yago?

Majina ya askari wa kikosi hicho yapo Nairobi, kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia hawakupata hata hilo. Vita vile viliingia Nyanza Kusini penyewe: Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakafika Karungu na Kisii. Sanamu za shaba zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928 zinawaheshimu askari na wapagazi, lakini hazimtaji hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Tusimlaumu mkoloni peke yake. Kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa tarehe 15 Januari 2016. Baadhi ya miili ilitambuliwa kwa vipimo vya DNA, na serikali yetu haikuwatangazia wananchi idadi kamili ya waliouawa. Huo ni ukatili kwa wazazi.

Orodha ya Barabara ya Ngong inapatikana kwenye intaneti. Shule za sekondari za kaunti za Migori na Homa Bay ziichukue, wanafunzi wawasomee wazee wa koo na kuuliza ni boma gani lilizika yago wakati wa vita, na kwa ajili ya nani. Waulize mwaka huu. Aliyekuwa na miaka saba meli ile ilipozama, leo anakaribia 90.