Mgeni akivaa magwanda

Juma lililopita dada yangu alinijia asubuhi na mapema, hata chai hatujanywa. Mwanawe, kijana wa miaka 23 aliyemaliza chuo na ambaye hajapata kazi, anataka kwenda Uingereza kuwa askari. "Zungumza na mpwa wako," akaniambia, "mimi hanisikii tena." Kijana mwenyewe alipofika jioni hakuonyesha wasiwasi wowote. "Mjomba, sisi ni Jumuiya ya Madola," alisema. "Tunaruhusiwa."

Ni kweli wanaruhusiwa. Na kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye wazo hilo, nimeona mazungumzo ya leo tuyatumie kuuliza: je, ni sawa nchi kuandikisha jeshini watu ambao si raia wake?

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mamluki ni mtu anayekodiwa kwenda kupigana vita visivyomhusu, kwa ajili ya fedha, bila kuwa mwanajeshi wa upande wowote. Hao tunawafahamu. Novemba 1981 kundi la namna hiyo kutoka Afrika Kusini, likiongozwa na Mike Hoare, liliingia Shelisheli likijifanya watalii, nia yake ikiwa kuipindua serikali. Wanajeshi wetu walikuwako huko wakati huo. Lakini mgeni aliyeandikishwa rasmi, akala kiapo na kuwa chini ya sheria za jeshi hilo, si mamluki mbele ya sheria za kimataifa. Ni askari kama wenzake.

Ufaransa ina kikosi kizima cha wageni, kilichoundwa mwaka 1831, na leo kina askari wapatao 9,000. Uingereza imekuwa ikiwachukua Wagurkha wa Nepal tangu 1815. Kwa raia wa Jumuiya ya Madola, mwaka 1998 iliondoa sharti la kuishi kwanza nchini humo miaka mitano, vijana wakamiminika kutoka Fiji, Ghana, Jamaika na kwingineko. Mwaka 2013, jeshi lilipokuwa likipunguzwa, sharti likarudishwa. Mwaka 2018, askari walipopungua kupita kiasi, likaondolewa tena, safari hii kwa nafasi 1,350 kwa mwaka. Mlango hufunguliwa pale vijana wa kwao wenyewe wanapolikimbia jeshi.

Wanaopinga utaratibu huu husema mgeni hawezi kuaminika, maana moyo wake uko kwao. Mimi hoja hiyo hainitishi. Mwaka 2004 huko Al Amarah, nchini Irak, dereva wa gari la deraya aitwaye Johnson Beharry, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada, aliwaokoa wenzake chini ya risasi na makombora, mara mbili, na mara ya pili akajeruhiwa vibaya kichwani. Mwaka uliofuata alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza. Sidhani kama kuna aliyemuuliza tena juu ya uaminifu.

Kinachonitisha ni kingine. Mwaka 1889, Wajerumani walipotaka kumpiga Abushiri bin Salim katika pwani yetu hii, hawakumwaga huku vijana wa Kijerumani. Hermann von Wissmann aliajiri Wasudani mjini Cairo, akaongeza watu kutoka Msumbiji, akaweka juu yao maofisa wachache wa Kizungu. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo. Ni mama wangapi wa Berlin waliovaa nguo nyeusi kwa vita ile? Wachache mno. Vita ambavyo maiti zake hazirudi mitaani kwa wapiga kura ni vita rahisi kuvianzisha. (Na tunaponunua nyanya Kariakoo tukumbuke kwamba jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya kwanza vya dunia. Jina la kikosi limebaki. Majina ya watu wenyewe nani anayajua?)

Basi kwangu mimi swali kubwa ni hili: nchi inamlipa nini mtu aliye tayari kuifia? Mshahara hautoshi, maana mshahara hukoma siku ya kuvua magwanda. Wagurkha waliostaafu kabla ya 1997 walihangaika miaka mingi, mpaka mwaka 2009 ndipo wale waliotumikia angalau miaka minne wakakubaliwa kuishi Uingereza. Mwaka 2020 wanajeshi wanane wa zamani kutoka Fiji walikwenda mahakamani wakidai kwamba hawakuelezwa ipasavyo namna ya kuomba ukaazi, wakajikuta wanahesabiwa wahamiaji haramu katika nchi waliyoipigania. Ada ya maombi hayo ilikuwa imefika pauni 2,389 kwa kila mtu. Piga hesabu: baba, mama na watoto wawili ni pauni 9,556! Aprili 2022 askari aliyetumikia miaka sita alisamehewa ada. Mkewe na watoto hawakusamehewa.

Wafaransa katika hili wamekuwa waungwana zaidi. Askari wao mgeni anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu, na akijeruhiwa vitani anaweza kuupata kwa sababu ya damu aliyoimwaga.

Kwa hiyo mimi nasema nchi inaweza kuandikisha wageni, ila kwa sharti moja: haki ya uraia, yake na ya familia yake, iandikwe katika mkataba uleule anaousaini siku ya kwanza. Nchi isiyokuwa tayari kumwita mtu raia isimwombe damu.

Mpwa wangu alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia Warusi hawana masharti mengi. Hapo nilipandisha sauti. Januari 2023 Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilitangaza kifo cha kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi kusoma. Alifungwa gerezani huko, akaahidiwa uhuru na fedha kama angejiunga na kundi la Wagner, akafa Ukraine Oktoba 2022. Hilo halikuwa hata jeshi la taifa.

Nikamkumbusha pia kwamba sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuchukua uraia wa nchi nyingine na kubaki na wa Tanzania. Akiupata wa Uingereza, siku atakayokuja kumzika mama yake ataingia kama raia wa kigeni. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Na hapa, Mjomba, kazi iko wapi?"

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri nijibu.