Damu ya Mwezi Inayoumiza Kupita Kiasi

Wewe mama, pengine umezaa mara tatu au nne, na umri wako unakaribia miaka 40. Zamani damu yako ya mwezi ilitoka siku nne, ikaisha. Sasa inatoka siku nane, yenye mabonge, na kikwembe kinalowa ukiwa shambani. Tumbo linakukamata kama uchungu wa kuzaa. Jirani wanasema umerogwa, na wengine wanataja jina la mama mkwe wako. Usiwasikie. Soma kwanza.

Mfuko wa uzazi una ukuta wa nyama yenye nguvu, ile inayosukuma mtoto. Ndani, ukuta huo umefunikwa na ngozi laini. Kila mwezi tabaka la juu la ngozi hiyo linabomoka na kutoka pamoja na damu. Tabaka la chini linabaki kama mizizi ya majani, na ngozi mpya inaota kutoka hapo. Lakini kwa wanawake wengine mizizi ile haikai mahali pake. Inaingia ndani ya nyama ya ukuta na kuota humo. Ugonjwa huu unaitwa adenomiosisi. Munganga Rokitansky wa Vienna aliandika habari zake mwaka wa 1860.

Nyama ya ukuta inavimba na kuwa nene. Mfuko wote unakuwa mkubwa, hata watu wanauliza kama una mimba.

Kwa nini ngozi inaingia mahali pasipo pake? Wanganga wanafikiri kwamba inaanza na vidonda vidogo sana mpakani mwa ngozi na nyama, kama vile baada ya kuzaa, kupasuliwa, au kusafishwa mfuko mimba ikiharibika. Mwili unataka kuponya kidonda. Mwanamke ana maji ya mwili yaitwayo estrojeni, yanayoamuru ngozi ile ikue. Hata chembe za ngozi iliyopotea njia zinajitengenezea estrojeni zenyewe. Estrojeni inaongeza kukaza kwa mfuko, kukaza kunaongeza vidonda, na vidonda vinaleta estrojeni tena. Maji mengine, yaitwayo projesteroni, kazi yake ni kusema, “Basi, inatosha.” Lakini chembe hizi zimepungukiwa na masikio ya kuyasikia.

Tena, mwaka wa 2019 wataalamu wa Japani walisoma maandiko yaliyo ndani ya chembe, yale yanayoitwa jeni. Kwa wagonjwa wengine, si wote, waliona kosa katika jeni moja, KRAS. Jeni hiyo ni kama mlango unaofunguliwa ili chembe ikue, kisha unafungwa. Kwa kosa lile mlango unabaki wazi. Hakuna mtu aliyekutilia kosa hilo, wala mama mkwe.

Maumivu yanatoka kwa kitu kiitwacho prostaglandini, kinachokaza nyama ya mfuko. Dawa ya ibuprofeni inakizuia. Imeze pamoja na chakula, lakini si kama una mimba au kidonda cha tumbo.

Hatari kubwa ni upungufu wa damu. Ukichoka ukipanda kilima kidogo, moyo ukipiga mbio, njoo upimwe. Mama asiye na mimba anatakiwa kuwa na hemoglobini ya gramu 12 au zaidi. Maharagi na lenga-lenga ni vyakula vizuri, lakini kwa mama anayepoteza damu nyingi kila mwezi havitoshi. Anahitaji vidonge vya chuma. Munganga ataangalia mfuko kwa ekografi. Anaweza kukupa dawa ya namna ya projesteroni, ya kumeza au ya kuwekwa ndani ya mfuko. Kuondoa mfuko kunamaliza ugonjwa, lakini hutazaa tena. Zungumza na mume wako kabla ya kukubali.

Damu ya mwezi ikikoma kwa sababu ya umri, kwa kawaida maumivu haya yanakoma pia. Lakini ikiwa imekwisha mwaka mzima, kisha ukaona damu tena, hata kidogo, usingoje. Njoo hospitali juma hilohilo, kwa maana pengine ni kansa.