Fahamu: Wanafunzi hewa wanavyochota fedha za masomo Marekani

Wafanyakazi hewa tunawajua. Marekani inahangaika na wanafunzi hewa.

Tapeli huiba jina na namba ya utambulisho ya mtu, hata marehemu, kisha hujisajili kwa masomo ya mtandaoni. Vyuo vya kijamii vya California, 116 kwa jumla, ni shabaha nzuri kwa sababu hupokea karibu kila mwombaji na ada yake ni ndogo. Hapo ndipo penye tundu: ruzuku ya serikali ya Marekani iitwayo Pell, inayofika dola 7,395 kwa mwaka, hulipa ada kwanza, na chenji huingia kwenye akaunti ya “mwanafunzi”. Kazi za darasani? Zinafanywa na programu ya kompyuta.

Juni 2025, Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kwamba karibu dola milioni 90 zilikwenda kwa wasiostahili, zikiwemo zaidi ya milioni 30 kwa marehemu. Ikaamuru waombaji wapya wapatao 125,000 wahakikiwe: kila mmoja aonyeshe kitambulisho halali chenye picha, ana kwa ana au kwa video ya moja kwa moja.

Dawa hiyo ni chungu kwa maskini asiye na kitambulisho. Fedha zake husubiri mpaka akipate.