‘Uhalisia wa mahali’ si uhalisia wa kienyeji

Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Njoro ameniandikia akitaka nimwamulie ugomvi. Amekutana na tafsiri inayoiita dhana ya wanafizikia ya ‘local realism’ kuwa “uhalisia wa kienyeji”, na ‘entanglement’ kuwa “utatanishi”. Mwenzake anayesomea fizikia anashikilia kwamba tafsiri hizo ni ushahidi tosha kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba fizikia ya kwanta.

Kinaweza. Hata hivyo, ugomvi huu si wa kupuuzwa. Istilahi mbovu humfanya msomaji aelewe kinyume, na katika jambo hili kuelewa kinyume kuna gharama: siku hizi kuna bangili, vidani na vifaa vya “tiba” vinavyouzwa kwa jina la kwanta.

Tuanze na “kienyeji”. Neno hili linatokana na mwenyeji, mtu wa mahali fulani, ndiposa tuna kuku wa kienyeji na mboga za kienyeji. Uhalisia wa kienyeji basi ungekuwa uhalisia wa watu wa Njoro, tofauti na ule wa Lamu! Wanafizikia hawasemi hivyo. Wao wanasema kwamba kitu huathiriwa na kilicho karibu nacho tu, na kwamba athari yoyote ikitoka hapa kwenda kule lazima isafiri, tena isiupite mwanga unaokwenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka Njoro hadi Nakuru, kilomita kama 20 hivi, mwanga huchukua chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Ni muda mfupi mno, lakini si sifuri. Kinachozungumziwa ni mahali wala si wenyeji.

“Uhalisia” nalo wanafunzi wa fasihi wanalijua: ni sifa ya kazi inayosawiri maisha yalivyo. Limetokana na halisi, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kilicho safi, kisichochanganywa. Katika fizikia, uhalisia ni imani kwamba kitu kina sifa zake hata kabla hatujakipima. Gunia la viazi lina uzito wake, mizani iwepo isiwepo. Ukiunganisha imani hizo mbili unapata uhalisia wa mahali: vitu vina sifa zake tayari, na kinachofanywa kule hakibadilishi cha hapa papo kwa papo.

Nani angepinga hayo? Mwaka 1935 Albert Einstein, Boris Podolsky na Nathan Rosen walionyesha kwamba nadharia ya kwanta haipatani na imani hiyo, wakahitimisha kuwa nadharia hiyo haijakamilika. Kwa karibu miaka 30 suala hilo lilionekana kuwa la kifalsafa tu. Kisha mwaka 1964 John Bell, mzaliwa wa Belfast, akaonyesha kwamba linaweza kuamuliwa kwa kuhesabu.

Hebu tuihesabu hesabu yenyewe. Tuseme viazi vimeibwa Mau Narok na ndugu wawili wanahojiwa, mmoja Njoro, mwingine Nakuru, wakati mmoja, bila simu. Kuna maswali matatu: Mlango ulikuwa wazi? Mvua ilinyesha? Mbwa alibweka? Kila askari anachagua swali moja kwa bahati nasibu, na jibu ni ndiyo au hapana. Zoezi hilo linarudiwa mara nyingi, na kila mara kabla ya kutenganishwa ndugu hao wanaruhusiwa kushauriana.

Inagunduliwa kwamba kila wanapoulizwa swali lilelile, wanatoa jibu lilelile. Utasema, “Ah, hawa wamepanga!” Naam, na huo ndio uhalisia wa mahali: majibu yote matatu yako mfukoni tayari, na swali la Njoro haliwezi kufika Nakuru kwa wakati.

Sasa tazama wanapoulizwa maswali tofauti. Majibu ni matatu na aina za majibu ni mbili tu, kwa hivyo lazima angalau mawili yafanane. Wakipanga “ndiyo, ndiyo, hapana”, mlango na mvua vitapatana. Mlango na mbwa vitatofautiana. Mvua na mbwa vitatofautiana. Hiyo ni jozi moja kati ya tatu. Wakipanga “ndiyo” kote, zitapatana zote tatu. Hakuna mpango unaoshuka chini ya moja kati ya tatu, hata wakibadilisha mpango kila siku. Basi katika mahojiano 1,200 yenye maswali tofauti, tutarajie majibu yapatane mara 400 hivi au zaidi.

Chembe za mwanga, yaani fotoni, zinaweza kutayarishwa kwa jozi na kila moja ikaelekezwa kwenye kichujio chake. Pembe za nyuzi 0, 60 na 120 ndizo maswali yetu matatu. Kupita ni “ndiyo”, kuzuiwa ni “hapana”. Vichujio vikiwa na pembe moja, majibu hulingana daima. Vikiwa na pembe tofauti, nadharia ya kwanta inatabiri mapatano ya moja kati ya nne: mara 300 hivi wala si 400. Upungufu huo wa 100 hauwezi kuelezwa na mpango wowote wa mfukoni.

Maabara zilisema nini? Hesabu zao huwa pana kuliko hii yangu, lakini msingi ni uleule. Mwaka 1972 Stuart Freedman na John Clauser walifanya jaribio hilo huko California. Mwaka 1982 Alain Aspect na wenzake nchini Ufaransa walibadilisha maswali fotoni zikiwa safarini. Kundi la Anton Zeilinger lilitenganisha vipimo kwa mita 400 mwaka 1998, na mwaka 2015 majaribio kadhaa yakaziba mianya mikuu iliyokuwa imesalia. Kila mara kwanta ilishinda. Clauser, Aspect na Zeilinger walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Ama uhalisia, ama umahali, ama vyote viwili, haviwezi kubaki kama tulivyovizoea. Ni kipi cha kuachwa? Hapo wanafizikia wenyewe bado wanabishana.

Je, askari wa Njoro anaweza kutumia ndugu hawa kupeleka ujumbe Nakuru papo hapo? Hasha. Kila askari peke yake huona nusu “ndiyo” na nusu “hapana”, bila mpangilio, hata mwenzake aulize nini. Ajabu huonekana tu madaftari mawili yanapolinganishwa, na daftari husafiri kwa njia za kawaida. Kwa hivyo anayekuuzia kidani ati kitapeleka uponyaji kwa mama yako kijijini “kwa nguvu za kwanta” anauza jina tu.

Turudi kwenye neno. Erwin Schrödinger ndiye aliyeipa hali hii jina mwaka 1935, akitumia neno la Kijerumani ‘Verschränkung’, ambalo kitenzi chake hutumika pia kwa mtu anayekunja mikono kifuani. Uzi uliojisokota ni picha ya Kiingereza. Tukisema “utatanishi” tunaiga picha hiyo na kuongeza lawama, kwani tata huzaa utata na matatizo. Hapa hakuna fundo linalongoja kufunguliwa.

Mimi napendekeza mfungamano wa kwanta. Kitenzi fungamana tunacho tangu zamani. Nchi “zisizofungamana na upande wowote” tumezisikia sana redioni. Tazama umbo lake: fung-am-an-a. Kiambishi -am- ni cha kauli ya kutendama, cha hali, kama katika gandama na kwama. Kiambishi -an- ni cha kutendana, kinachodai wawili. Fotoni hizo ziko katika hali ambayo ni ya jozi. Huwezi kuigawa ukaipa kila moja nusu yake. Sarufi yetu imeyabeba yote mawili ndani ya kitenzi kimoja.

Namshauri mwanafunzi wetu aandike uhalisia wa mahali na mfungamano wa kwanta, kisha ampe mwenzake kisa cha ndugu wa Mau Narok akihesabu mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa kalamu na karatasi. Mwaka 1990 TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi iliyobaki ni ya kuendeleza. Mwenye neno bora kuliko mfungamano na alilete, mradi litueleze ni kwa nini zilipatikana 300 badala ya 400.